Kanze Muosha Makaa

Ukishuka kwenye basi la bara pale Mwembe Tayari, wapite wauza maji na wauza korosho wanaokuwahi kabla hujanyoosha miguu, kisha kunja kwenye uchochoro wa nyuma ya hoteli za chai. Utamsikia Kanze kabla ya kumwona. Atakuwa amekaa kwenye kigoda, leso moja kiunoni na nyingine kichwani, anachukua vipande viwili vya makaa na kuvigonganisha karibu na sikio, kama mtu anayechagua vikombe vya kauri dukani. Kipande kikilia ting, kinaingia kapuni. Kikilia dub, kinatupwa pembeni.

"Hicho nacho kimekukosea nini?" humwuliza Odera, fundi viatu wa kibanda cha pili, mtu wa Siaya ambaye mdomo wake hufunguliwa kabla ya kibanda na kufungwa baada yake.

"Kina mti ndani. Moto wa tanuri haukukimaliza. Ukikitia jikoni kitakutoa machozi."

"Mimi nimeshatolewa machozi na mambo mengi kuliko kipande cha mkaa."

"Basi yaweke hayo machozi, utayahitaji siku nitakapokuja kukudai kiatu changu."

Wauza makaa wengine wa mtaa huo huuza gunia kama lilivyotoka porini: na vumbi lake, na chenga zake, na udongo wa tanuri, na kokoto, na pengine msumari ambao hakuna ajuaye uliingiaje. Mnunuzi atajijua mwenyewe nyumbani. Kanze hafanyi hivyo. Kwanza huyachekecha makaa kwenye chekeche la waya alilotengenezewa na mumewe, Kitsao, mpagazi wa bandarini. Kisha huyachambua kwa mkono na sikio. Halafu hufanya lile jambo lililompa jina na kumpa kicheko cha mtaa mzima: anayaosha.

Ndiyo, anayaosha makaa. Huyamimina kwenye pipa la maji, akayakoroga kwa mti, akangoja. Makaa huelea juu, meusi na mepesi, yakigongana kama vifaranga. Mawe na udongo na misumari huzama chini bila ubishi. Basi huyaopoa kwa ungo, akayaanika juu ya paa la bati mpaka jua la Mombasa liyakaushe hadi ndani ya moyo. Mwisho wa yote huwasha kipande kimoja, akakisikiliza na kukinusa. Kikinyamaza na kisitoe moshi, ndipo gunia lifungwe.

"Dada Kanze," Odera alimwambia mara ya kwanza alipoiona kazi hiyo, "ukimaliza kuyaosha makaa, nitakuletea usiku nao uuoshe. Labda utatakata."

Aliyemwanzisha ni Kamaludin, kijana wa Kuze anayechoma mishkaki jioni karibu na soko la Marikiti. Alimjia siku moja amekasirika, mkononi ana jiwe lililopasuka vipande viwili. Jiwe hilo lilikuwa ndani ya makaa aliyonunua kwa Kanze. Lilishika moto, likalipuka, likampiga mteja kwenye kanzu nyeupe. Na hata kabla ya kulipuka, moshi ulikuwa umewajaa watu machoni.

"Wateja wangu wanalia kama wamefiwa," alisema. "Mtu amekuja kula mishkaki, anaondoka anapewa pole!"

Mwingine angemjibu kwamba makaa ni makaa. Kanze alilichukua lile jiwe, akalitazama, uso ukamwiva. Yeye ni mtoto wa Ganze, amekulia karibu na matanuri ya makaa, na hakupenda kusikia kwamba kitu kilichopita mikononi mwake kimemdhuru mtu. Siku ile ile alianza kuchambua. Kuosha kulikuja baadaye, kwa bahati tu: gunia lilimponyoka likatumbukia kwenye pipa, na alipoinama kulilia hasara yake akaona mawe yamekwenda chini na makaa yanamtazama juu.

Wapo watu katika mji huu wanaodhani kwamba kazi chafu hufanywa na watu wachafu. Hupita mbele ya kibanda cha Kanze wamekusanya nguo zao kwa mkono, wasije wakaguswa. Jioni watu hao hao watakula nyama iliyoiva bila moshi, watavuta pumzi na kusema leo kumetulia, wala haitawapitia akilini kuuliza ni mikono ya nani iliyoutoa ule moshi mapema. Kanze hawatukani. Lakini alikuwa na hamu moja, na hamu hiyo aliibeba kama mtu anavyobeba yai: alitaka makaa yake yaingie Kuze, ndani kwenye nyumba za wale mabibi wa Mji wa Kale, si kupikia tu, bali kwenye chetezo.

Chetezo ni mtihani. Jikoni makaa yakitoa moshi kidogo, mpishi atafunga macho na chakula kitaiva. Kwenye chetezo huweki sufuria, waweka udi. Na juu ya udi huo husimamishwa kitundu cha fito kama tenga dogo, nguo zikatandazwa juu yake zinywe ile harufu. Kijipande kimoja chenye mti ndani chatosha kuharibu kila kitu. Nguo itanuka moshi wa jikoni, na bibi arusi ataingia kwa mumewe ananukia kama aliyekuwa akigeuza chapati.

Kwa hiyo Kamaludin alipokuja na habari kwamba dada yake Batuli anaolewa, na kwamba mama yao, Bi Mwanatumu, anataka makaa ya Kanze kwa kufukizia nguo na nywele za bibi arusi Alhamisi alasiri, Kanze aliweka kikapu chini ili asikiangushe.

"Mama yako mwenyewe amesema?"

"Mwenyewe. Shangazi Rukia ndiye anayetaka vile vidonge vya makaa vya dukani, vinavyowaka kwa kiberiti kimoja. Mama hataki, asema vyanuka baruti. Wamebishana tangu Ijumaa. Sasa wewe usiniaibishe. Kuze yote itakuwapo."

Odera alikuwa ameacha kushona ili asikie vizuri. "Kuze yote," alirudia. "Dada, yaoshe hata masikio."

Kanze alianza kazi siku hiyo hiyo. Alichagua gunia bora kuliko yote, akalichekecha, akagonga kipande kimoja kimoja mpaka sikio likamwuma. Kilichobaki ni kuosha, na hapo ndipo mfereji wa maji ulipokauka. Kwa mtu wa kisiwani hilo si jambo la kushangaza. Mfereji una siku zake na mambo yake. Akamwita Tsofa, mchuuzi wa maji, aliyekuwa akipita na mkokoteni uliojaa mitungi.

"Wataka ya kunywa au ya kuoshea?" Tsofa aliuliza, kama anavyouliza kila mlango.

"Ya kuoshea," Kanze alijibu. "Nitayanywa na nani, na makaa?"

Tsofa akacheka, akamimina mitungi kwenye pipa, akaenda zake. Hakumdanganya. Kila mtu kisiwani ajua kwamba maji ya kunywa ni matamu na maji ya kuoshea ni ya kisima, yana chumvi. Yanaosha sakafu, yanaosha nguo, hayana ubaya. Kanze naye alijua. Lakini siku zote alioshea makaa maji ya mfereji, na katika furaha yake hakufikiri zaidi ya hapo. Kuosha ni kuosha.

Makaa yalitoka yanang'aa. Yalikauka juu ya bati, na Alhamisi asubuhi yalikuwa meusi ya kupendeza hata Odera aliinuka akaja kuyatazama. Kanze alikuwa anatafuta kiberiti ili ajaribu kipande chake cha mwisho, kama ada yake, ndipo Kamaludin akaingia uchochoroni na tuktuk inayonguruma.

"Twende, twende! Mama anangoja, dereva analalamika, na mimi sijanyoa!"

"Ngoja niwashe kimoja."

"Kanze, makaa yako yanajulikana! Hebu yaone yalivyo!"

Aliyaona. Yalikuwa mazuri kweli. Sifa ina utamu wake, na Kanze hakuwa amezoea kusifiwa. Akalifunga gunia lote, akalipakia, tuktuk ikaondoka.

Adhuhuri alikaa kujipikia chai. Juu ya paa la bati zilikuwa zimebaki chenga za makaa yale yale, akazitia jikoni, akawasha, akaweka sufuria. Kisha akachukua chekeche alikung'ute.

Pa!

Aligeuka. Papa! Pa! Cheche iliruka ikatua kwenye leso yake, ikatoboa tundu dogo. Moto ulikuwa na rangi ya manjano asiyoizoea.

"Nani anakaanga bisi?" Odera aliuliza.

Kanze aliinama kwenye pipa, akachovya kidole kwenye maji yaliyobaki, akakitia mdomoni. Uso wake ulikunjamana wote.

"Chumvi," alisema. "Odera, nimeyatia makaa chumvi!"

Odera alifungua mdomo afanye mzaha, akauona uso wake, akafunga mdomo. Labda ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Kanze alimpigia Kamaludin simu. Iliita, ikaita, ikakata. Bila shaka yuko kwa kinyozi. Makaa mengine ya kubadilisha hakuwa nayo. Gunia lililobaki lilikuwa halijaguswa, na vijiti vyake na mawe yake. Akaiona kwa mawazo ile nguo ya bibi arusi, hariri ya kijani ambayo Kamaludin alikuwa amemsimulia, imetandazwa juu ya kitundu, na cheche zikiruka kuipokea kutoka chini. Akamwona na Bi Rukia, asiyemjua hata sura, akisema: nilisema mimi.

Aliondoka mbio. Alivuka barabara ya Digo bila kutazama, akasikia matusi ya madereva nyuma yake, akaipita Marikiti kati ya matikiti na mikungu ya ndizi, akaingia kwenye vichochoro vya Kuze ambako watu hutembea taratibu na kusalimiana kwa kirefu. "Salama, salama, salama," alijibu huku na huku bila kusimama. Watoto wa chuo cha Kurani walimwonyesha kidole wakicheka. Hakuelewa wanacheka nini mpaka alipofika mlango wa Bi Mwanatumu na kutaka kubisha. Mkononi alikuwa bado ameshika chekeche.

"Hodi! Hodi jamani!"

Ukumbi ulikuwa umejaa wanawake, rangi na vicheko na mikono yenye hina. Wote waligeuka pamoja. Mlangoni amesimama mwanamke anayehema, mweusi wa vumbi hadi kwenye viwiko, na chekeche mkononi.

"Mwenye makaa hupitia mlango wa nyuma," alisema mwanamke mmoja mnene aliyekaa karibu na bibi arusi. Sauti yake ilimtambulisha kabla ya jina. Huyo ndiye Bi Rukia.

"Mwache, Rukia." Bi Mwanatumu alikuwa ameinuka, mwembamba, miwani imeshuka puani. "Ndoo hapa, mwanangu. Mbona wahema hivyo? Kuna msiba?"

Kanze alimtazama. Angeweza kusema amekuja kuangalia moto. Angeweza kuomba maji ya kunywa, akangojea, akaona yatakayokuwa. Nyumba hii alikuwa ameiota tangu lile jiwe la Kamaludin, na sasa yumo ndani yake, na neno atakalolisema litamtoa.

"Bi, makaa niliyoyaleta yana chumvi," alisema. "Niliyaosha kwa maji ya kisima. Yataruka cheche. Msiyatie kwenye chetezo, yataunguza nguo."

Bi Rukia akapiga makofi mara moja.

"Makaa yana chumvi! Kwani ni samaki? Na pilipili hukuyatia? Mwanatumu, nilisema mimi tuchukue vidonge!"

Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko. Kanze alisimama katikati yake kama mtu aliyemwagiwa maji, lakini hakuinamisha kichwa. Ndipo kutoka uani, kule jiko lilikokuwa limewashwa dakika chache tu zilizopita, likaja jibu:

Pa! Papapa!

"Yarabi, yameanza!" alipiga kelele msichana aliyekuwa akipepea moto, akaingia ndani mbio na kipepeo chake.

Kanze hakungoja kukaribishwa. Alitoka uani, akachuchumaa mbele ya jiko. Cheche zilikuwa zikiruka mpaka kwenye kamba ya nguo. Bila kufikiri aliinua chekeche lake la waya na kulifunika jiko. Hewa ilipita, moto ukaendelea, lakini cheche ziligonga waya na kurudi zilikotoka.

"Bi Mwanatumu," aliita, "niachie niyangoje! Chumvi hii italia mpaka iishe. Yakinyamaza, yatakuwa makaa kama makaa."

Bi Mwanatumu alisogea, akaitazama saa ya ukutani, akalitazama jiko. "Na yasiponyamaza?"

"Yasiponyamaza, nitakwenda mwenyewe dukani nikuletee vidonge, na mlango wako sitaubisha tena."

Bi Rukia alikuwa amekwisha kufika mlangoni na mikono kiunoni. "Mmesikia wote," alisema.

Basi wakangoja. Na makaa yakalia. Pa! Pa-pa! Papapapa! Mara ya tatu, bibi mmoja mzee aliyekaa kwenye mkeka, ambaye labda hakuwa ameelewa kisa chote, alinyanyua kichwa na kuachia kigelegele kirefu. Wanawake wakaangua kicheko. Makaa yakajibu: pa! Wakapiga vigelegele tena, sasa wengi. Ikawa mchezo. Kila makaa yakipasuka, ukumbi nao unapasuka, mpaka Batuli mwenyewe, aliyeagizwa akae ameinamisha uso kwa haya, akacheka akajishika mbavu na hina yake ikamgusa shavuni.

"Hata makaa yanasherehekea arusi yangu," alisema.

"Yanasherehekea au yanazomea, tutaona," akasema Bi Rukia, lakini mdomo ulikuwa umemcheza pembeni.

Polepole vishindo vilipungua. Ile rangi ya manjano ikafifia, makaa yakawa mekundu, kisha yakavaa majivu meupe mepesi. Kanze aliondoa chekeche. Akainama, akatega sikio karibu kabisa, kama anavyofanya kibandani kwake. Hayakusema kitu. Akanusa. Hakuna moshi.

Hata hivyo hakuyapeleka kwenye nguo ya bibi arusi. Aliyatia kwenye chetezo kwa koleo, Bi Mwanatumu akaweka udi, na kitundu kikasimamishwa. Kanze akafungua leso yake ya kiunoni, ile iliyokwisha kutobolewa, akaitandaza juu yake kwanza.

"Ikiungua, iungue yangu," alisema.

Wanawake walisogea. Ukumbi uliokuwa na kelele ukawa unasikiliza kipande cha nguo. Udi ukaanza kupanda, mzito na mtamu, bila chembe ya moshi wa mti, bila baruti. Ulipita kwenye leso, ukajaza uani, ukaingia ndani na kupanda ngazi. Bi Mwanatumu aliiondoa ile leso, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga, kisha akaileta puani. Akafunga macho. Aliichukua hariri ya kijani na kuitandaza kwa mikono yake mwenyewe.

Kanze alipotaka kutoka kwa mlango wa nyuma, Bi Mwanatumu alimshika kiwiko kile kile cheusi. "Ulipoingilia ndipo utakapotokea," akamwambia. "Na kesho uje ule biriani. Lakini sikiza, mwanangu: siku nyingine uyaonje maji."

Bi Rukia alimfuata mpaka kizingitini. Alitazama huku na huku kama mtu anayetaka kununua kitu cha magendo.

"Wewe," alinong'ona. "Binti yangu anaolewa baada ya mfungo. Yasiyo na chumvi, wasikia?"

Kanze alirudi Mwembe Tayari taratibu, leso begani, na kila aliyepishana naye aligeuza kichwa. Odera alikuwa amemlindia kibanda, na alikuwa ameinywa ile chai. Alinusa hewa, akainuka.

"Dada, ulikwenda kuomba radhi au ulikwenda kuolewa?"

"Kiatu changu kiko wapi?"

"Kiko tayari." Akakitoa, kimeshonwa vizuri na kupigwa rangi. "Nilikuwa na wasiwasi, nikashindwa kukaa bure."

Wiki iliyofuata mfereji ulikauka tena. Tsofa alisimamisha mkokoteni na kuuliza swali lake la kila siku, ya kunywa au ya kuoshea.

"Ya kunywa," alijibu Kanze.

Tsofa aliutazama ule mlima wa makaa uliokuwa ukingoja. "Na ya kuoshea hayo?"

"Hayo makaa ndiyo yatakayoyanywa."

Kanze akachovya kidole kwenye mtungi, akakiweka kwenye ulimi, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamnyooshea Odera kikombe, naye Odera, baada ya kutazama kama kuna mtu wa kwao anayemwona, akaonja pia.

"Matamu," alisema kwa uzito wa hakimu. "Mwaga."

Maji yakaingia kwenye pipa, makaa yakaingia kwenye maji, na mawe yakaanza kushuka.